Utoto wa Liverpool: Maisha ya Watoto katika Jiji la Bandari, 1939–1965

Liverpool ni jiji la bandari kaskazini-magharibi mwa Uingereza, pale mto Mersey unapoingia baharini. Sensa ya 1951 ilihesabu humo karibu watu 790,000. Watoto waliokulia katika jiji hilo kati ya kuanza kwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Septemba 1939, na katikati ya miaka ya 1960 walikuwa kizazi cha mwisho kuyaishi maisha ya mtaa wa zamani wa Kiingereza: nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, choo uani, moto wa makaa ya mawe sebuleni, na barabara isiyo na magari ambayo watoto waliifanya yao kutwa nzima. Wengi wa kizazi hicho, baada ya kuzeeka, wameusimulia utoto wao katika vitabu, filamu na maonyesho ya makumbusho, na masimulizi yao yamejaa hamu ya siku zilizopita. Hamu hiyo ina msingi wake. Hata hivyo, mtaa ule ulijaa watoto kwa sababu nyumba hazikuwatosha, na kila hatua iliyochukuliwa kuboresha nyumba ilikuwa pia hatua ya kuumaliza mtaa wenyewe.

Nyumba na uani

Liverpool ilitajirika kwa biashara ya bahari: kwanza biashara ya watumwa katika karne ya 18, kisha pamba, sukari, mbao, nafaka na usafirishaji wa wahamiaji waliokuwa wakienda Marekani. Gati zake zilifuatana kando ya mto kwa urefu wa kilomita 11 hivi. Baada ya njaa kubwa ya Ireland katika miaka ya 1840, maelfu kwa maelfu ya Waayalandi waliteremka bandarini hapo, na wengi hawakuwa na uwezo wa kuendelea na safari. Wengi wao waliishia katika nyumba ndogo ambazo wajenzi walikuwa wamezibana kuzunguka viua vyembamba, kila kiua kikiwa na bomba moja la maji na vyoo vichache vya pamoja. Baadhi ya viua hivyo vilikuwa bado vina watu miaka ya 1950.

Familia iliyokuwa na hali nafuu kidogo iliishi katika nyumba ya safu: vyumba viwili chini na viwili juu, ukuta wa nyumba moja ukiwa ndio ukuta wa nyumba ya jirani. Choo kilikuwa nje, mwisho wa ua, na karatasi zake zilikuwa vipande vya gazeti vilivyotungikwa kwenye msumari. Karai la bati la kuogea lilining'inia ukutani, likateremshwa mara moja kwa wiki na kuwekwa mbele ya moto. Watoto wakaoga kwa zamu katika maji yale yale. George Harrison, aliyezaliwa Februari 1943 katika mtaa wa Arnold Grove, Wavertree, na baadaye kuwa mpiga gitaa wa kundi la Beatles, alitumia miaka yake ya mwanzo katika nyumba ya aina hiyo.

Uchumi wa nyumba ulitegemea bandari, na kazi ya bandari haikuwa ya uhakika. Makuli walisimama asubuhi na tena mchana mbele ya wasimamizi, wakingoja kuchaguliwa kwa kazi ya nusu siku. Asiyechaguliwa alirudi nyumbani mikono mitupu. Mpango wa serikali wa 1947 uliwahakikishia malipo kidogo hata siku isiyo na kazi, lakini utaratibu wa vibarua haukukomeshwa hadi 1967. Kwa sababu hiyo duka la rehani lilikuwa sehemu ya maisha ya wiki. Suti ya Jumapili ya baba iliwekwa rehani Jumatatu, ikakombolewa mwisho wa wiki fedha zikipatikana, na mara nyingi aliyetumwa kuipeleka alikuwa mtoto.

Mzigo wa nyumba uliwaangukia akina mama. Liverpool ndiyo iliyofungua nyumba ya umma ya kufulia ya kwanza nchini, mwaka 1842, kutokana na juhudi za Kitty Wilkinson, mhamiaji kutoka Ireland ambaye wakati wa kipindupindu cha 1832 aliwaruhusu majirani wachemshe nguo zao katika chombo chake cha kufulia. Zaidi ya karne moja baadaye wanawake wa jiji walikuwa bado wakienda katika nyumba hizo na vifurushi vya nguo, wengine wakivibeba kichwani, wengine wakivisukuma katika vigari vikuukuu vya watoto. Binti mkubwa alibaki na wadogo zake, na aliwalea kama mama wa pili.

Miaka ya mabomu

Vita vilipotangazwa Septemba 1939, maelfu ya watoto wa shule walihamishwa kwa treni kwenda vijiji vya Wales, Cheshire na Lancashire, kila mmoja akiwa na kinyago cha kujikinga na gesi na kibandiko cha jina kwenye koti. Wengi hawakuwahi kulala nje ya mtaa wao. Waliofika kaskazini mwa Wales waliwakuta wenyeji wakizungumza Kiwelisi nyumbani na kanisani. Mabomu hayakuanguka miezi ile ya kwanza, na wazazi wengi wakawarudisha watoto wao mjini.

Walirudi katika hatari. Ndege za Ujerumani zilianza kushambulia eneo la Mersey kwa nguvu Agosti 1940, kwa kuwa bandari hii ndiyo iliyopokea sehemu kubwa ya chakula na silaha zilizovuka Atlantiki. Tarehe 13 Septemba mwaka huo meli City of Benares iliondoka Liverpool ikiwa na watoto 90 waliokuwa wakipelekwa Kanada kwa usalama. Siku 4 baadaye ilipigwa na nyambizi ya Kijerumani, na watoto 77 kati yao wakafa. Novemba, bomu lililoangukia shule moja katika barabara ya Durning liliwaua watu 166 waliokuwa wamejificha katika chumba cha chini ya ardhi.

Wiki mbaya kuliko zote ilikuwa ya kwanza ya Mei 1941. Kwa usiku 7 mfululizo jiji na miji jirani yake ilipigwa, na watu wapatao 1,700 waliuawa. Meli Malakand, iliyokuwa na tani 1,000 hivi za mabomu na makombora, ilishika moto katika gati la Huskisson na kulipuka. Kanisa la Mtakatifu Luka liliungua likabaki kuta tupu, na kuta hizo zimeachwa zisimame hadi leo ziwe kumbukumbu. Katika vita vyote eneo hilo lilipoteza watu karibu 4,000. Nje ya London, hakuna sehemu ya Uingereza iliyopoteza watu wengi zaidi kwa mabomu.

Tarehe 8 Mei 1945, vita vya Ulaya vilipokwisha, meza zilitolewa nje na watoto wakalishwa katikati ya barabara kwa vyakula vilivyochangwa na majirani. Mashimo na magofu yalibaki kwa miaka mingi. Mahali nyumba ilipobomoka palikuwa na matofali ya kujengea ngome, vipande vya mbao vya kuwashia moto, na chumba cha chini kilichofaa kuwa pango la maharamia. Mamlaka iliyaona magofu hayo kuwa hatari. Watoto waliyaona kuwa viwanja vyao, kwani jiji halikuwa limewapa vingine vya kutosha.

Mgao wa chakula

Amani haikuleta shibe mara moja. Kila mtu alikuwa na kitabu cha mgao, na mama alisimama foleni kwa siagi, sukari, nyama, mayai na chai. Mkate, ambao haukuwa kwenye mgao wakati wa vita, uliingizwa kwenye mgao kuanzia Julai 1946 hadi Julai 1948. Mashamba ya Ulaya yalikuwa yameharibika, na Uingereza ilikuwa na madeni makubwa. Majira ya baridi ya 1947 yalizidisha taabu: theluji ilifunga njia za reli, makaa ya mawe yakaadimika, umeme ukakatwa, na familia zikakusanyika katika chumba kimoja chenye moto.

Kwa watoto, mgao uliouma zaidi ulikuwa wa peremende, ambao kwa muda mrefu ulikuwa gramu 340 kwa wiki 4. Serikali iliufuta Aprili 1949, lakini maduka yaliishiwa, ukarudishwa Agosti. Ulikomeshwa kabisa tarehe 5 Februari 1953, na nyama, bidhaa ya mwisho, ilitoka kwenye mgao Julai 1954. Ndizi zilikuwa zimetoweka tangu 1940, na ziliporudi baada ya vita ziliwekewa watoto kwanza. Kuna watoto waliofika umri wa kwenda shule bila kuwahi kuona ndizi, ingawa waliishi katika bandari iliyowahi kupokea matunda ya dunia nzima.

Pamoja na hayo, wachunguzi wa afya walikubaliana kwamba watoto wa maskini walilishwa vizuri zaidi wakati wa mgao kuliko kabla ya vita, kwa kuwa kila mtoto alikuwa na haki ya fungu lake. Serikali iliongeza maji ya machungwa na mafuta ya ini la samaki kwa watoto wachanga. Kuanzia Agosti 1946 kila mama alipokea posho ya shilingi 5 kwa wiki kwa kila mtoto baada ya yule wa kwanza. Kwa wanawake wengi hiyo ilikuwa fedha ya kwanza kupokea ambayo haikupitia mkononi mwa mume.

Mtaa na michezo

Baada ya shule, na kutwa nzima siku za likizo, watoto waliambiwa watoke nje. Nyumba yenye vyumba vinne na watu wanane haikuwa na mahali pa kuchezea, na sebule ya mbele, kama ilikuwapo, ilihifadhiwa kwa wageni, mazishi na Krismasi. Magari yalikuwa machache mno. Gari la farasi la muuza maziwa au makaa ya mawe ndilo lililosimamisha mchezo. Kila mama alikuwa na ruhusa ya kumkemea mtoto wa jirani, na habari za kosa zilimtangulia mkosaji nyumbani.

Michezo ilikuwa na majira yake, na majira hayo yalibadilika bila tangazo la mtu mzima. Kulikuwa na wakati wa gololi, wakati wa kuruka kamba, wakati wa mdako, na vuli, wakati wa kugonganisha mbegu kubwa za miti zilizofungwa uzi. Wasichana walichora vyumba kwa chaki juu ya mawe ya njiani na kuvipita kwa mguu mmoja. Wavulana walichora magoli ukutani na kucheza mpira hadi taa za gesi zilipowashwa. Kamba ya kurukia ilifungwa kwenye nguzo ya taa, na nguzo hiyo hiyo ilikuwa kituo cha kuhesabia katika mchezo wa kujificha. Watafiti Iona na Peter Opie, mke na mume, waliwahoji watoto wapatao 5,000 wa Uingereza na kuchapisha matokeo mwaka 1959. Walionyesha kwamba nyimbo, vitendawili, viapo na kanuni za michezo zilipokezanwa na watoto wenyewe kwa wenyewe, nyingine kwa karne nzima au zaidi, bila walimu wala wazazi kuzifundisha.

Mwaka ulikuwa na sikukuu zake. Tarehe 5 Novemba, siku ya kukumbuka njama ya 1605 ya kulipua Bunge, watoto walitembeza sanamu ya matambara wakiomba senti za fataki, kisha wakaichoma juu ya rundo la mbao walilolikusanya na kulilinda kwa wiki kadhaa dhidi ya watoto wa mtaa wa pili. Kusini mwa jiji, karibu na gati, kulikuwa na desturi isiyojulikana sehemu nyingi za Uingereza: alfajiri ya Ijumaa Kuu watoto walichoma sanamu ya Yuda barabarani, na polisi wakaja kuzima moto. Inadhaniwa desturi hiyo ililetwa na mabaharia wa Hispania au Ureno.

Vitu vya kuchezea vya dukani vilikuwa haba, ingawa baadhi ya vile mashuhuri zaidi duniani vilitengenezwa papo hapo. Frank Hornby, mzaliwa wa Liverpool, alisajili mwaka 1901 ubunifu wa vipande vya chuma vyenye matundu ambao ulikuja kuitwa Meccano, na kiwanda chake cha barabara ya Binns kilitoa pia treni za Hornby na magari madogo ya Dinky. Baada ya vita serikali ilihimiza bidhaa kama hizo ziuzwe nje ili nchi ipate fedha za kigeni, na watoto wengi wa jiji lililozitengeneza walikula kwa macho tu madirishani. Gazeti la katuni lilikuwa rahisi kupatikana. Eagle, lililoanzishwa Aprili 1950 na kasisi wa Kianglikana Marcus Morris kutoka mji jirani wa Southport, lilichapwa Liverpool na kupitishwa mkono kwa mkono hadi likachakaa. Jumamosi asubuhi sinema za mtaani ziliwafungulia watoto milango kwa senti chache, na ukumbi mzima ukapiga kelele shujaa alipoingia.

Shule na mtihani wa miaka 11

Sheria ya Elimu ya 1944 iliweka elimu ya sekondari ya bure kwa wote, na mwaka 1947 umri wa kumaliza shule ukapandishwa kutoka miaka 14 hadi 15. Darasa la msingi lilikuwa na watoto 40 au zaidi. Walikaa kwenye madawati ya wawili wawili yenye tundu la kidau cha wino, wakakariri jedwali la kuzidisha kwa sauti moja, wakachapwa fimbo kiganjani kwa kosa dogo. Kuanzia 1946 kila mwanafunzi alipewa bure chupa ndogo ya maziwa kila siku ya shule. Majira ya baridi chupa ziliwekwa karibu na jiko la kupashia joto, na ladha ya maziwa yale ya uvuguvugu inatajwa karibu katika kila kumbukumbu ya wakati huo.

Katika umri wa miaka 11 ulikuja mtihani ulioamua mkondo wa maisha. Sehemu ndogo tu ya watoto, takriban mmoja kati ya wanne au watano nchini, ilipata nafasi katika shule za kitaaluma zilizoelekea vyuo vikuu na kazi za ofisini. Waliobaki walipelekwa katika shule za kawaida zilizowaandaa kwa viwanda, maduka na bandari. Paul McCartney, aliyezaliwa 1942, mama yake mkunga, na George Harrison walifaulu na kuingia Liverpool Institute. John Lennon, aliyezaliwa Oktoba 1940 na kulelewa na shangazi yake Mimi katika kitongoji cha Woolton, alikwenda Quarry Bank, shule nyingine ya aina hiyo. Kwa familia ya makuli, kufaulu kulikuwa fahari na gharama kwa pamoja: sare ya shule ilikuwa ghali, na mtoto aliyevaa kofia ya shule ile alipita mbele ya rafiki zake wa jana akiwa amekwisha kutengwa nao.

Magonjwa na tiba

Moshi wa makaa ya mawe kutoka mabomba ya nyumba, meli na viwanda uliyafanya majengo ya jiji kuwa meusi na kuharibu vifua vya watu. Surua, kifaduro na homa nyekundu vilikuwa vya kawaida. Kifua kikuu kiliogopwa. Mlipuko wa polio wa 1947 uliwapata watu zaidi ya 7,000 Uingereza na Wales, na katika miaka iliyofuata kila kiangazi wazazi waliwakataza watoto mabwawa ya kuogelea, hadi chanjo ilipoanza kutolewa 1956.

Tarehe 5 Julai 1948 Huduma ya Taifa ya Afya ilianza kazi. Kabla ya hapo mama alipima kama homa ya mtoto ilistahili ada ya daktari. Baada ya hapo daktari, dawa na miwani havikulipiwa papo hapo. Kisa cha Richard Starkey, atakayejulikana duniani kama Ringo Starr, kinaonyesha hali ya watoto wagonjwa wa wakati huo. Alizaliwa Julai 1940 katika mtaa wa Madryn, Dingle, mojawapo ya sehemu maskini za jiji. Akiwa na umri wa miaka 6 alipasuka kidole tumbo na kukaa hospitalini muda mrefu. Akiwa na miaka 13 aliugua kifua na kupelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa muda mrefu ng'ambo ya mto. Shule ilimpita. Lakini katika wodi hiyo watoto waligawiwa ala za kupiga ili wasichoke, na hapo ndipo alipoanza ngoma.

Mipaka isiyochorwa

Mtaa uliompa mtoto ulinzi ulimpa pia maadui. Jiji liligawanyika kwa dini. Eneo la barabara ya Scotland lilikuwa la Wakatoliki wenye asili ya Ireland, na lile la barabara ya Netherfield, mlimani Everton, lilikuwa la Waprotestanti. Shule zao zilikuwa mbalimbali, na njia ya kwenda shule ilichaguliwa kwa hadhari, kwani mtoto aliyevuka mpaka aliulizwa yeye ni wa upande gani, na jibu lingeweza kumponza. Kila tarehe 12 Julai Waprotestanti wa chama cha Orange waliandamana kwa ngoma na filimbi wakielekea treni ya Southport, na mawe yalirushwa walipopita karibu na mitaa ya Wakatoliki. Ndoa kati ya pande hizo mbili ziligawanya familia.

Mpaka mwingine ulikuwa wa rangi. Karibu na gati za kusini waliishi mabaharia wa Afrika Magharibi, Wasomali, Waarabu wa Yemen, Wakaribi na Wachina, wengi wakiwa wameoa wanawake wa jiji. Watoto wao walizaliwa Liverpool na kuzungumza lafudhi ya Liverpool, lakini walifunzwa mapema kwamba kutoka nje ya eneo lao kulikuwa na hatari, na maduka mengi ya katikati ya jiji hayakuwaajiri. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 1948 makundi ya Wazungu yaliwashambulia wakazi weusi, na polisi wakawakamata hasa walioshambuliwa. Kabla ya hapo, mwaka 1945 na 1946, serikali iliwaondoa nchini mamia ya mabaharia Wachina waliokuwa wamezitumikia meli za Uingereza vitani. Wapo waliochukuliwa bila familia zao kuambiwa, na watoto wao walikua wakiamini kwamba baba aliwatelekeza. Wengine walijua ukweli wakiwa wazee.

Mto, reli na safari za siku moja

Juu ya barabara ya bandari ilipita reli ya umeme iliyojengwa juu ya nguzo za chuma, iliyofunguliwa 1893, ya kwanza ya aina yake duniani. Makuli waliiita mwavuli wao kwa kuwa walitembea chini yake mvua iliponyesha. Kwa mtoto aliyeketi dirishani, safari hiyo ilikuwa somo la jiografia. Alizitambua kampuni kwa rangi za mabomba ya moshi: buluu ya Blue Funnel iliyokwenda Asia ya Mashariki, njano ya Elder Dempster iliyokwenda Afrika Magharibi, nyekundu na nyeusi ya Cunard iliyokwenda New York. Meli za T. & J. Harrison, kampuni ya hapo hapo Liverpool, zilifika Karibi na pia Afrika Mashariki, hadi Mombasa. Baba, mjomba au kaka wa watoto wengi alikuwa baharini, na jina la bandari ya mbali lilitajwa mezani kama jina la mtaa wa pili.

Sauti za bandari ndizo zilizopanga siku. Mzinga wa saa saba mchana ulipigwa ng'ambo, Birkenhead, na usiku wa kuamkia mwaka mpya, ilipotimu saa sita, meli zote zilizokuwa mtoni zilipiga honi kwa pamoja. Kiangazi, kivuko kiliwapeleka watu New Brighton, kwenye ufuo na bwawa la wazi la kuogelea lililofunguliwa 1934. Familia ilichukua mikate iliyopakwa na chupa ya chai, ikarudi jioni. Likizo ya zaidi ya siku moja ilikuwa ya waliojaliwa.

Maduka makubwa yalikuwa matembezi ya Krismasi. Lewis's, lililoungua katika mabomu ya 1941, lilijengwa upya, na Novemba 1956 sanamu ya Jacob Epstein ya kijana aliyesimama juu ya omo ya meli ilizinduliwa juu ya mlango wake, kuadhimisha kufufuka kwa jiji. Chini yake msanii huyo alichonga picha tatu za watoto: mmoja katika kigari chake, wengine wakicheza, wengine wakipigana.

Televisheni, gitaa na vijana

Oktoba 1951 mnara wa Holme Moss ulianza kurusha televisheni ya BBC kaskazini mwa Uingereza. Malkia Elizabeth wa Pili alipotawazwa tarehe 2 Juni 1953, aliyekuwa na seti aliwakaribisha majirani wote, na watu walibanana sebuleni mbele ya kioo kidogo cha rangi nyeusi na nyeupe. Miaka michache baadaye seti zilikuwa nyumba kwa nyumba, na jioni za barabarani zikaanza kupungua watu.

Mabaharia waliofanya kazi katika meli za New York walirudi na nguo na santuri za Kimarekani. Mwaka 1956 wimbo wa Lonnie Donegan uliwaonyesha vijana kwamba muziki ungeweza kupigwa kwa gitaa la bei nafuu, ubao wa kufulia na sanduku la chai lenye uzi mmoja, na makundi ya aina hiyo yakazuka kila kata. Tarehe 6 Julai 1957, kwenye sherehe ya kanisa la Mtakatifu Petro, Woolton, Lennon aliyekuwa na miaka 16 alitambulishwa kwa McCartney aliyekuwa na miaka 15. Utumishi wa lazima jeshini ulifikia mwisho wakati huo huo. Uitaji wa vijana ulikoma mwishoni mwa 1960, na kizazi kilichozaliwa wakati wa mabomu kikawa cha kwanza tangu vita kuingia utu uzima bila kuvaa sare.

Kubomolewa kwa mtaa

Baraza la jiji lilikuwa limeanza kuondoa nyumba mbovu kabla ya vita, na baada yake lilihitaji makazi ya haraka. Kitongoji cha Belle Vale kilipata zaidi ya nyumba 1,000 zilizotengenezwa kiwandani na kuunganishwa papo hapo, zenye bafu, maji ya moto na hata jokofu. Mwaka 1950 familia ya George Harrison ilikuwa imehamia Speke, kusini mwa jiji. Kirkby, kijiji cha watu 3,000 hivi mwaka 1951, kilikuwa na zaidi ya 50,000 mwaka 1961, na sehemu kubwa yao walikuwa watoto.

Nyumba mpya zilipokewa kwa furaha. Mtoto aliyezoea karai la bati aligeuza bomba na maji ya moto yakatoka. Alilala katika chumba kisicho na unyevu. Lakini nyumba zilitangulia maduka, zahanati, sinema na kazi. Bibi alibaki mjini, mabasi mawili mbali, na jirani alikuwa mgeni. Ghorofa ndefu zilizofuata katika miaka ya 1960 zilimweka mama mahali asipoweza kumwona mtoto aliyecheza chini. Wakati huo huo magari yaliongezeka, na barabara ikaacha kuwa uwanja.

Vitu vingine vya utoto ule viliondoka kimoja kimoja. Reli ya juu, iliyoliwa na kutu na kukosa fedha za matengenezo, ilifungwa tarehe 30 Desemba 1956. Tramu ya mwisho ilitembea tarehe 14 Septemba 1957. Sheria ya Hewa Safi ya 1956 ilianza kuzima moto wa makaa ya mawe majumbani. Sehemu kubwa ya barabara ya Scotland ilibomolewa kupisha njia ya handaki la pili la magari chini ya Mersey, lililofunguliwa 1971. Mwaka huo wakazi wa jiji walikuwa wamepungua hadi 610,000 hivi, na mwaka uliofuata gati za kusini zilifungwa, kwa kuwa makontena yalihitaji bandari ya aina nyingine na makuli wachache.

Kumbukumbu na hukumu

Kilichobomolewa kilianza kukusanywa. Mtengenezaji filamu Terence Davies, aliyezaliwa Liverpool mwaka 1945 na kulelewa katika familia kubwa ya Kikatoliki, aliurudia utoto wake katika filamu za 1988, 1992 na 2008. Ndani yake kuna nyimbo za jamaa waliokusanyika, na kuna pia baba anayepiga mke na watoto. Shirika la Hifadhi ya Taifa, National Trust, lililozoea kutunza majumba ya makabaila, liliifungua kwa umma nyumba ya baraza la jiji alimokulia McCartney katika barabara ya Forthlin. Jumba la Makumbusho la Liverpool, lililofunguliwa 2011, lina behewa la reli ya juu na mfano wa nyumba za viuani.

Wanaoukumbuka mtaa ule kwa mapenzi hawadanganyi: uhuru wa mtoto, macho ya majirani na michezo isiyo na gharama vilikuwapo, na nyumba mpya hazikuvirudisha. Wanaokumbuka unyevu, kikohozi, rehani na ngumi nao wanasema kweli. Mambo hayo mawili yalizaliwa na chanzo kimoja, yaani nyumba ndogo na kipato kisicho na uhakika, na hakuna familia iliyopata njia ya kuchukua la kwanza na kuliacha la pili. Walipopewa nafasi ya kuchagua, wengi wa wazazi wa Liverpool walichagua bafu na maji ya moto. Walikuwa na haki ya kuchagua hivyo. Kosa lilikuwa la wapangaji wa jiji, waliojenga nyumba bora kwa watoto wakasahau kuwajengea mahali pa kuchezea.